Kifuko cha Maji Ndani ya Kondoo

Wiki yangu ya kwanza ya kukagua nyama machinjioni Tanga, mkaguzi aliyekuwa akinifundisha, mama wa makamo wa Ngamiani asiyependa maneno mengi, alifunua mafuta ya tumbo la kondoo akaniita.

"Waona nini?"

Kilikuwa kifuko cha maji, kikubwa kama ndimu, utando wake mwembamba hata nikaona kidole chake upande wa pili. Nikasema ni uvimbe.

"Tazama vizuri, mwanangu."

Akakielekeza kwenye jua. Ndani ya maji yale maangavu mlikuwa na doa moja jeupe, kama punje ya mchele.

"Hicho kichwa cha tegu. Anamngoja mbwa."

Akanieleza. Mbwa akila kifuko kibichi, tegu anakua tumboni mwake. Mayai hutoka na kinyesi, hubaki majanini, kondoo akayala, yakawa vifuko kama hiki. Mdudu hana macho wala miguu, na maisha yake yote yanapita katika matumbo ya wanyama wawili! Mwili ulinisisimka. "Subhanallah," nikasema, naye hakunicheka.

Kila kondoo tuliandika alikotoka. Haukupita muda mrefu tukaona wengi wenye vifuko wanatoka kwa mfugaji mmoja wa Maramba. Tukamfuata. Tulimkuta bibi mwembamba, mbwa watatu wamelala miguuni pake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kunikataza kuuza?"

"Hapana," mwalimu wangu akajibu. "Tumekuja kuuliza mbwa wako wanakula nini."

"Tukichinja, ya tumboni ni yao. Nani mwingine atakula?"

Nikampa chupa tuliyotia kifuko kimoja, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Aliigeuzageuza juani mpaka akaliona lile doa jeupe.

"Nafuga tangu sijaolewa," akasema polepole. "Miaka yote hiyo namlisha huyu, simjui."

Jioni ileile alichimbisha shimo la kufukia matumbo, na mbwa wakapewa dawa ya minyoo.

Mwaka uliofuata walikuja kondoo wake waliozaliwa baada ya shimo lile. Nilifunua mafuta ya wa kwanza mwenyewe. Meupe, hayana kitu. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu pia. Mwalimu wangu alisimama nyuma yangu akinong'ona, "Mashallah, mashallah."

Nikampigia simu bibi. Alishukuru Mungu, kisha akauliza, "Na kuku je? Nao wana tegu wa kwao?"

Nikamwambia wanao.

"Basi njoo unionyeshe."