Nati za Kufuli na Jina la Marwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka natazama chini hata kama niko peke yangu ndani ya nyumba.

Umeiamsha wewe. Juzi ulikuja na gari lako lenye rimu za sport, ukanipa shikamoo yako vizuri, ukafungua simu kunionyesha picha za nati za kufuli, zile ambazo spana ya kawaida haizifungui mpaka uwe na ufunguo wake. Ukaniuliza, "Mzee, ninunue zipi?" Mimi nikakohoa. Ukadhani ni kifua. Hakikuwa kifua, ilikuwa aibu, na aibu hiyo imekuzidi umri wewe. Kwa hiyo nimeomba karatasi nikujibu kwa kuandika. Shule niliishia darasa la tatu, ng'ombe wa baba walikuwa wengi na wachungaji wachache, basi utavumilia mwandiko, na nikipotea njia kidogo utanisubiri.

Nilikuwa kijana, dereva wa bwana mmoja aliyepeleka vifaa mgodini, na hapa kwetu Genkuru siku hizo kijana mwenye kazi ya kugusana na mgodi alikuwa ameota mapembe. Nikanunua gari dogo jeupe. Lilikuwa kuukuu, mlango wake mmoja wa nyuma ulifunguka kwa nje tu, kwa ndani ulikuwa umekata shauri. Lakini lilikuwa na rimu za sport! Nilikuwa naziosha kabla sijanawa uso. Mke wangu akasema, "Hizo rimu zingekuwa na miguu ungezitolea mahari." Nikacheka, kisha nikaenda kuongeza sabuni.

Halafu tukasikia kwamba Tarime mjini kuna mtu ameacha gari nje ya nyumba ya wageni, asubuhi akalikuta limekaa juu ya mawe, magurudumu yameondoka. Kesho yake nilikuwa Sirari, kwenye duka la spea, natafuta nati za kufuli.

Sasa hapa ndipo usikilize. Kijana wa duka, mtu wa upande wa pili wa mpaka, aliweka pakiti mbili mezani. Moja ilikuwa na nati nyeusi, nzito, hazina urembo, na ndani kulikuwa na kikadi chenye namba. Akasema, "Hii boss, kila seti iko na ufunguo yake. Ukipoteza, unaitisha ingine na hii namba. Soma hapa, halafu ujaze jina yako hapa." Akanisogezea kalamu.

Nyuma yangu kulikuwa na watu watatu wanasubiri. Mimi kusoma najua, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na midomo inacheza. Nikaona watanicheka. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mimi nataka zile zinazong'aa."

"Zile hazina kadi, boss."

"Kadi nitaila? Nipe zinazong'aa."

Unaona, mwanangu. Aliniambia. Niliuacha ukweli juu ya meza ya watu kwa kuogopa kalamu.

Nikarudi na nati zangu nne, moja kwa kila gurudumu, na ufunguo wake mdogo unaotosha kiganjani. Kwenye kona ya barabara alikuwepo Marwa, fundi pancha. Marwa na mimi tulitahiriwa siku moja, yeye akiwa nyuma yangu, na kwetu sisi Wakurya mtu wa namna hiyo anakaa karibu kuliko ndugu wengi wa tumbo moja. Alipoziona nati akapiga mluzi. "Chacha, leo umelivalisha gari hereni! Bado kulitoboa pua." Watu wote pale wakacheka, na mimi nikacheka, ila moyoni nilichukia kidogo. Baada ya siku chache tairi likapata pancha. Nilikuwa nakwenda msibani, nikamwachia Marwa gari pamoja na ufunguo, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alilitengeneza vizuri. Hata mlango ule wa nyuma aliutazama, akashindwa, akauombea dua ya utani.

Wiki iliyofuata nilikwenda mnadani. Niliegesha kando ya lori la ng'ombe, nikaingia kutafuta mtamba. Nilipotoka nikakuta gari limeinama kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Magurudumu mawili ya upande wa lori hayapo, kuna mawe. Wachungaji walikuwa wamekaa pale pale. Nikawauliza kwa ukali, wakashangaa. "Si mafundi wako wale? Tena jeki tuliwasaidia sisi kuiweka."

Nikapiga magoti kutazama. Hakuna alama ya nyundo wala patasi. Mtu alikuwa amefungua kwa ufunguo, taratibu, kama mwenye mali. Nikapapasa mfuko, ufunguo wangu upo. Basi akili yangu ndogo ikahesabu hivi: ufunguo huu ni mmoja duniani, na aliyewahi kukaa nao siku nzima ni mtu mmoja.

Kwetu ukimshuku mtu mliyetahiriwa pamoja, unakwenda kwake kwanza. Unakaa, unakula ulichokuta, halafu unamwambia macho kwa macho. Mimi sikwenda. Nilikwenda moja kwa moja kulalamika mbele ya iritongo, ule mkutano wetu wa kijiji unaoshughulikia wezi. Watu wakajaa uwanjani, nikasimama katikati, nikainua ule ufunguo juu. Nilisema vizuri siku hiyo, mwanangu. Sijawahi kusema vizuri hivyo tena, na ningefurahi kama ningezaliwa bubu.

Marwa aliulizwa. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi tu. "Chacha, ungekuja nyumbani ukaniuliza."

"Mwizi anaulizwa nyumbani?" Nilisema hivyo. Watu wakaguna kuniunga mkono.

Ikaamuliwa atengwe mpaka arudishe magurudumu. Hujaona kutengwa wewe. Hakuna anayekupokea salamu, hakuna anayekupa moto wa kuwashia jiko, ng'ombe wako wakipotea hakuna anayepiga yowe. Pancha zilipelekwa kwa fundi mwingine mbali, watu wakisukuma magari mbele ya mlango wake. Mwezi haukuisha, Marwa akachukua mke na watoto akahamia Natta, akapata kibarua cha kuziba matairi ya magari ya kambi za watalii. Mama yake akabaki, kwa kuwa alisema hawezi kuacha kaburi la mume wake. Alikuwa anachota maji mchana wa jua kali, wenzake wakiwa wamesharudi.

Mimi nikanunua rimu mbili za chuma za upande ule, upande mwingine ukabaki na sport na zile nati mbili. Gari likawa kama mtu aliyevaa kiatu na kandambili.

Miezi ikapita. Nilikuwa nakwenda Nyambureti kwa dada yangu, tairi la nyuma la upande wa sport likapasuka porini. Na ufunguo je? Nilikuwa nimeufunga kwenye kitambaa chini ya godoro nyumbani, kwa sababu tangu siku ile sikumwamini mtu. Nikakaa chini. Akaja mwalimu mmoja na gari lake, kijana mpole aliyehamishiwa huku kutoka mikoa ya kusini. Akatazama nati yangu, akaenda kwenye buti lake, akarudi na ufunguo mdogo.

"Jaribu huu wangu, kaka. Na mimi nilizinunua Sirari."

Nikamwambia hauwezi kuingia. Akasema jaribu. Ukaingia. Nati ikazunguka kwa ulaini kabisa, ikatoka, ikaniangukia kiganjani.

Yule mwalimu akacheka. "Hizi za kung'aa zote ufunguo ni mmoja, kaka, hukujua? Mimi nimeziacha kwa urembo tu."

Nilimshukuru. Sikumbuki nilifikaje kwa dada.

Sasa, mpaka hapo ungeweza kusema, mzee alikosea, binadamu hukosea. Subiri. Kilichofuata ndicho nilichokuwa nakikohoa juzi. Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Nilijua Marwa hana kosa, nikala, nikalala, nikaenda kazini. Nikajiambia nitasema baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Niliogopa uwanja ule ule niliosemea vizuri.

Siku moja mama yake Marwa akaja kwangu. Nilimsalimia, akakaa kwenye kigoda, akakataa uji. Akasema, "Chacha, sikuja kulaumu mtu. Mimi nazeeka. Marwa ananiambia hakuiba, lakini mtoto huwa anamficha mama yake. Wewe mmetahiriwa pamoja, huwezi kunidanganya mimi. Kweli aliiba?"

Mwanangu, tangu siku ya mwalimu ufunguo ulikuwa unakaa mfukoni mwangu. Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Basi mwambieni siku nikifa asije kunizika." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Yeye habari ya mwalimu nilikuwa nimempa. Akaingia ndani, akatoka na koti langu, akalirusha mapajani kwangu. Nikavaa, nikaenda Natta.

Nilimkuta Marwa amelala chini ya gari la kambi, miguu tu inaonekana. Niliieleza ile miguu. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko uso. Nilipofika kwenye habari ya mama yake na jibu nililompa, spana ilidondoka kule chini. Halafu akasema, "Utayasema pale pale uliponisemea. Na watu wawe wengi kama siku ile."

Watu waliitwa uwanjani, wakawa wengi kuliko siku ile. Nilieleza yote, pamoja na kadi niliyoikimbia. Nikaupitisha ufunguo mkono kwa mkono. Wazee wakaniamuru nitoe ng'ombe wa kusafisha jina la Marwa, nikatoa, na matusi nikayapata ya kutosha, sikurudisha hata moja. Mama yake alikuwa amekaa mbele. Akainua mkono.

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Akasimama, akapita mbele yangu, akaenda akamshika Marwa mkono, wakaondoka. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Nikimpa shikamoo aliitikia. Ila hakuwahi kuniuliza kitu tena, hata kama mvua imenyesha upande wetu.

Marwa alirudi kwenye kona yake. Mpaka leo ndiye anayeziba matairi yangu, unamfahamu, yule mzee mwenye kofia. Lakini umewahi kuona anavyofanya? Nikifika ananiambia mbele ya wateja wote, "Fungua nati zako mwenyewe, Chacha, urudishe ufunguo mfukoni, ndipo uniite." Nainama na mgongo huu, nafungua. Vijana hucheka, hudhani ni utani wa wazee.

Sasa jibu lako. Usinunue nati kwa kung'aa. Chukua za chuma kigumu, zenye kadi ya namba, na kama kadi inakushinda kusoma, mwombe mtu akusomee, hutakufa. Mwambie muuzaji afungue pakiti ya pili, ujaribu ufunguo wake kwenye nati yako. Ukiingia, ziache hapo hapo. Hakikisha meno na umbo la chini la nati hizo mpya vinalingana na nati zako za zamani, la sivyo gurudumu litalegea. Zikazwe kwa mkono, ile mashine ya upepo inapasua ufunguo. Namba ipige picha, na ufunguo utembee nao garini, usiufiche chini ya godoro kama mimi.

Na hata ukizipata nzuri kuliko zote, bado wako watakaozifungua. Siku hiyo ikifika, nenda nyumbani kwa unayemshuku, kaa, kula, muulize. Na ukigundua umemkosea, sema kabla jua la siku hiyo halijazama, maana kosa langu lilikuwa la siku moja, lakini ukimya wangu ulikuwa wa miezi.

Mungu akulindie gari lako, mwanangu, na zaidi ya gari akulindie ulimi. Akupe marafiki wa kuachiwa ufunguo, na akupe moyo wa kuwaamini. Nenda salama, endesha polepole.