Nyanchama Aliyemlisha Ng'ombe Yangu

Watu wa huku kwetu, upande wa Chepilat, wanasema Nyanchama aliua ng'ombe yangu kwa sumu. Mwenye ng'ombe ni mimi, na mimi nasema haikuwa sumu. Nitaeleza alikuwa mtu wa namna gani na alifanya nini. Halafu mwenye kusema aseme. Wamekwisha kusema sana, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza.

Nyanchama ni Mkisii. Alikuja na bwana yake Mageto wakiwa vijana, wakanunua kipande kidogo kilichopakana na changu, ua wa kayaba katikati. Kipande chenyewe ni nyumba, choo, na majani chai mpaka mlangoni. Mageto alifanya kazi kwa mashamba makubwa ya chai mpaka akafa, na tukamzika hapo hapo kati ya mistari ya chai. Nasema tukamzika kwa sababu nilikuwako, na jembe la kuchimbia kaburi lilitoka kwangu.

Nyanchama naye alichuma majani huko huko mpaka mashine zikaja. Mashine moja, watu wanne, na wale wanawake wengine wote wakaambiwa waende nyumbani. Alirudi na vidole vyeusi vya utomvu ambavyo havikutakata tena. Akapanda managu na spinachi kando ya nyumba, akawa anauza Chepilat siku ya soko.

Tulikuwa tunasalimiana kinyume. Mimi Mkipsigis nikimwona asubuhi namwambia, "Bwakire." Yeye ananijibu, "Chamgei, Mama Kipkoech." Watoto wetu walicheka sana, kwa sababu mimi Kikisii changu kinaishia hapo, na Kipsigis chake kilikuwa cha kuomba radhi.

Sasa, huyu mama alikuwa na ugonjwa mmoja. Hangeweza kuona mnyama akimwangalia bila kumpa kitu. Paka wangu alinenepa kwake mpaka akasahau kazi ya panya. Punda wa mtu wa kuleta maji alikuwa akifika kwa mlango wake anasimama, hata apigwe, mpaka aletewe maganda ya viazi. Siku moja yule punda alivuta mkokoteni wote mpaka ndani ya managu, mitungi ikamwagika. Mwenye punda akamwambia, "Mama Zack, basi mwoe tu huyu punda, mimi nitafute mwingine."

Nyanchama akacheka. "Mahari yake ni ngapi?"

Mimi sikucheka. Nilimwambia wazi, "Mama Zack, mnyama wa mwenyewe usimlishe bila kuuliza. Wewe hujui amekula nini. Tena hujui amenyimwa nini, na kwa nini amenyimwa."

"Maganda tu, Mama Kipkoech."

"Hata kama ni maganda."

Akasema, "Wewe una moyo mgumu kama mti wa mwangati." Na kweli ninao. Ndiyo sababu nimeishi.

Kitu ambacho Nyanchama hakuwa nacho maisha yake yote ni ng'ombe. Kwao walikuwa maskini, na hapa shamba halikutosha. Lakini alipenda ng'ombe kuliko sisi tuliozaliwa nao. Jioni nikikamua, alikuja kusimama kwa ua kusikiliza maziwa yakiingia kwa ndoo. Hakuwa anaomba. Nikimpa kikombe alichukua, nisipompa alienda zake.

Mwaka jana ng'ombe yangu Chelel, yule mweupe, alishika mimba. Nilikuwa na huyo mmoja tu. Nikamwambia Nyanchama, "Akizaa ndume ni wa Kipkoech. Akizaa jike ni wako."

Akasema, "Usinitanie, mimi ni mtu mzima."

"Nimewahi kutania?"

Kwetu ukimpa mtu ng'ombe mnakuwa ndugu, mnaitana tilia. Kuanzia siku hiyo akaanza kuniita tilia, nami namwambia ngoja kwanza ndama aguse chini. Hakungoja. Alikata matawi akaanza kujenga kibanda nyuma ya nyumba, kidogo kama cha kuku, na akapanda mstari mmoja wa majani ya nepia pale alipokuwa akipanda spinachi. Wanawake wa soko walimuuliza mboga imeenda wapi. Akawaambia mboga imeenda kuwa maziwa.

Mimba ilipofika miezi saba, daktari wa mifugo, Kimeli, akaniambia ni wakati wa kumkausha. Wenye ng'ombe mnajua. Miezi miwili kabla ya kuzaa unaacha kukamua, unaondoa chakula cha gunia, unampa majani makavu kidogo na maji, mpaka maziwa yakatike. Ng'ombe hapendi. Analia. Analia kama mtu aliyefiwa, na wewe unaziba masikio, kwa sababu ukimhurumia sasa, ndama na kiwele ndivyo vitalipa baadaye.

Nilimweleza Kipkoech, mwanangu, maana wiki hiyo hiyo nilikuwa naenda Kaplong kuonyesha mguu wangu hospitalini na kulala kwa dada yangu. Nilimwambia mambo ya majani makavu, akaelewa. Nyanchama sikumweleza. Kwa nini ningemweleza? Ng'ombe alikuwa wangu bado.

Kipkoech alimpa Chelel majani yake asubuhi, akaenda kuchuma chai na kupeleka kituoni. Chelel akalia mchana kutwa. Upande wa pili wa ua kulikuwa na Nyanchama, ambaye alingoja ndama yule kama mtu anayengoja mjukuu. Aliona mimi nimeenda. Aliona Kipkoech ametupa majani makavu akaenda. Akafikiri, hawa wanamuua mama wa ndama wangu kwa njaa.

Kwao Wakisii, mwanamke akikaribia kuzaa anapikiwa uji wa wimbi, mzito, apate nguvu. Nyanchama alipika. Alichanganya wimbi na unga wa mahindi, akapooza, akaubeba kwa karai kubwa la kuoshea nguo. Chelel alimaliza, akalamba karai, akalia tena. Nyanchama akaenda akapika tena. Mara ya tatu hakupika, kuni ziliisha, kwa hiyo alimletea mahindi yake yaliyovunjwa, yale aliyoweka ya kula mwezi huo, akamimina yote. Chelel akanyamaza. Nyanchama akarudi kwake akiwa na furaha.

Mimi nilifika kesho yake kabla ya saa sita. Nilimwona Chelel kutoka kwa lango, nikajua. Alikuwa amesimama na kichwa chini, anasaga meno, tumbo upande wa kushoto limejaa kama gunia. Maji hataki. Nikamwita Kimeli kwa simu, akaja na pikipiki.

"Amekula nini?" Kimeli akauliza.

Kipkoech akasema, "Majani makavu tu, vile ulisema."

"Umeyakata wapi?"

"Kando ya chai."

"Chai iliyopigwa dawa?"

"Hapana, daktari. Yetu haijapigwa."

"Na ya jirani?" Kipkoech akasita, kwa sababu upande wa juu kuna jirani ambaye alikuwa amepiga dawa ya magugu. Kimeli akamgombeza sana. Alimwambia hata mtoto wa nursery anajua kuangalia majani yaliyopigwa dawa. Mwanangu ni mtu wa miaka arobaini na ana watoto wake, na alisimama pale akisemwa kama kijana.

Nyanchama alikuwa amesimama kwa ua, mikono ndani ya leso. Kimeli akamgeukia. "Mama, wewe uko hapa kila siku. Umeona mtu yeyote akiingia kwa hii boma?"

"Sijaona mtu," Nyanchama akasema.

Basi Kimeli akamtibu kama aliyekula dawa ya magugu. Alidunga sindano, akamnywesha makaa yaliyosagwa, akasema tungoje. Tuliacha ng'ombe apigane na kitu ambacho hakikuwa ndani yake.

Saa kumi akaanza kuharisha. Harufu ilikuwa ya kuchacha, kama machicha ya pombe ya busaa. Kimeli alirudi, akainama akaangalia, akachokora na kijiti. Vipande vya mahindi vilikuwa ndani, vyeupe.

"Hii ni nafaka," akasema. "Nafaka nyingi. Nani amempa mahindi?"

Kwangu hakukuwa na mahindi. Nilitazama ua, lakini Nyanchama hakuwako tena. Nikaenda kwake na mguu wangu mbovu, nikampata ameketi kando ya lile jiko lake, karai limefunikwa juu ya mawe.

"Mama Zack, ulimpa nini?"

"Uji tu."

"Uji kiasi gani?"

"Mpaka akashiba."

"Ng'ombe hajui kushiba unga," nikamwambia. "Anakula mpaka tumbo linachacha, linampika kutoka ndani."

Aliniangalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisikia. Mtu ambaye hajawahi kuwa na ng'ombe, nani angemwambia?

"Daktari alipokuuliza, kwa nini hukusema?"

Akajibu polepole. "Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilitaka kusema. Halafu nikafikiri, mimi Mkisii nimeingia kwa boma la Mkipsigis mwenyewe hayuko, nimempa ng'ombe chakula, ng'ombe amegonjeka. Wewe ungesikia nini?"

"Ningesikia uji."

"Wewe, ndiyo. Na hao wengine?"

Nilirudi.

Kimeli alimpa Chelel magadi kwa maji, mengi, tukamshika kichwa mimi na Kipkoech. Alikuwa ameshalala chini. Kimeli alisema kama angejua asubuhi, angempa mapema, au angefungua tumbo atoe. Sasa damu imeingia uchachu. Alisema hivyo bila kumlaumu mtu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Chelel alikufa alfajiri.

Kipkoech alitaka ndama aondolewe, angalau tujue. Kimeli akampasua. Ndama alikuwa hajafika wakati wake, lakini amekamilika, manyoya mepesi, kwato laini za manjano. Alikuwa jike.

Nyanchama alikuwa amekuja. Aliingia kwa lango kama mgeni, akapiga hodi. Alimwona yule ndama juu ya majani ya mgomba, akapiga magoti karibu naye, akamfuta pua kwa leso kama anayemsaidia kupumua. Kipkoech akamwambia, "Toka." Hakumpigia kelele. Alisema tu, "Mama Zack, toka kwa boma yetu."

Kufikia saa nne habari ilikuwa imefika Chepilat, na ilipofika ilikuwa imebadilika. Uji ulikuwa umekuwa sumu ya panya. Huruma ilikuwa imekuwa wivu. Wakasema alimuua kwa sababu nilimnyima ndama, mimi ambaye nilimpa. Kuna waliokumbuka mambo ya mpaka, ya ile miaka Wakisii na Wakipsigis walipochomeana nyumba, na sisi tulikaa ndani ya nyumba yangu, mimi na yeye na Mageto na watoto, mlango mmoja.

Jumapili nilisimama kanisani. Sijazoea kusimama, lakini nilisimama. Nikasema ng'ombe alikufa kwa uji na mahindi, nikasema daktari ameona kwa macho, nikasema mama yule alitoa chakula chake cha mwezi mzima. Walinisikiliza kwa heshima. Nikiketi, mwanamke nyuma yangu akamwambia mwenzake juu yangu, "Gogo, nyanya wetu, amezeeka, na ng'ombe alikuwa mmoja, amechanganyikiwa." Nilimsikia vizuri. Nikageuka nikamwambia masikio yangu hayajazeeka. Lakini haikusaidia kitu.

Kipkoech mwenyewe alijua ni mahindi. Nilimuuliza kwa nini hasemi kwa watu. Akaniambia, "Mama, daktari alinifokea mbele ya Mama Zack, na yeye alikuwa anajua. Aliniacha nisemwe. Hiyo ndiyo siwezi kumeza." Mwanangu pia alikuwa na haki.

Hakuna mtu aliyempiga Nyanchama, hakuna aliyetupa jiwe. Walifanya tu hivi: hawakununua. Alipeleka managu sokoni akayarudisha yamenyauka. Mwenye punda akabadilisha njia, akawa anapita upande wa barabara. Paka wangu aliendelea kwenda, na Nyanchama akawa anamfukuza. Nilimsikia kwa ua akimwambia, "Nenda kwenu, utakufa waseme ni mimi."

Zack, kijana wake, alikuja kumchukua na pikapu. Anakaa Keroka, amepanga chumba kimoja ghorofani na mke na watoto. Nilienda nikasimama mbele ya ile gari.

"Nyanchama, huendi mahali. Hapa ndipo Mageto amelala."

"Mageto hahitaji chakula," akasema. "Mimi nikikaa hapa, nikiona kitu kina njaa nitafanya nini? Nitaangalia?"

"Utauliza mwenyewe kwanza."

"Nani atanijibu?"

Zack akasema kwa heshima, "Mama, tafadhali, kuna mvua." Nikaondoka mbele ya gari. Sijui kwa nini niliondoka.

Tulikuwa tunaongea kwa simu mwanzoni. Alisema ghorofani hakuna hata kuku. Baadaye akawa haongei, Zack ndiye anashika. Wiki iliyopita Zack aliniambia mama yake ameacha kula. Akipewa sahani anaigawa yote kwa wajukuu, akiulizwa anasema ameshiba. Amekonda mpaka leso haikai kiunoni. Akaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye namjua, afanye nini.

Nikamwambia, "Mrudishe hapa."

Kile kipande chao amekwisha kukikodisha kwa mtu wa kutoka Kedowa, na huyo mtu amepanda chai mpaka kwenye kizingiti, amepanda hata pale kibanda kilipokuwa. Zack akasema, "Nimrudishe kwa nani, Mama?"

Nilitafuta jina la kumtajia. Nilipita nyumba zote kwa akili, kutoka kituo cha majani chai mpaka mtoni, mlango kwa mlango, watu ambao nimewajua tangu wabatizwe. Nilipata jina moja tu, langu. Na mimi ni mtu mmoja, nina mguu mbovu, na ninakaa kwa boma ambalo mwanangu alimwambia atoke.