Tangazo la Akina Mama

Tangazo lile nililisoma mimi mwenyewe, kanisani kwetu Bombo, baada ya ibada. Nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. "Akina mama wote mnaombwa kufika zahanati Jumanne kupimwa saratani ya matiti." Kaka yangu alikuwa amekaa benchi la tatu, upande wa wanaume. Alikuwa na uvimbe mgumu chini ya chuchu ya kushoto. Mimi sikujua.

Alinionyesha mwaka uliofuata, siku tunaosha tangawizi nyuma ya nyumba. Ngozi ilikuwa imeshakuwa kidonda.

"Mbona hukuja siku ile?"

"Mliita akina mama," akasema. "Ningevua shati mbele ya wake za watu?"

Nilimshusha hospitali ya Same, nao wakatupeleka hospitali kubwa zaidi. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Mazikoni sikulia. Watu walidhani najikaza. Sikuwa najikaza, sikuhisi kitu.

Miezi michache baadaye niliitwa Same kwenye kikao cha kupitia matangazo ya afya. Daktari kijana alitaka tuandike "watu wote". Muuguzi mmoja wa makamo akakataa.

"Mkiandika watu wote, mama wa kijijini ataona hajaitwa yeye. Na ndiye anayeugua zaidi. Tumehangaika miaka mpaka akazoea kuja."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Yule muuguzi hakuwa amekosea, na hilo nalo nililiona kama naliangalia kwa mbali. Nikanyoosha mkono, nikasema kaka yangu amekufa kwa ugonjwa huo. Sauti ilitoka kama nasoma ratiba ya chanjo.

"Pole, mdogo wangu," muuguzi akasema. "Sasa wewe ungetaka tuandikeje?"

"Wanawake wote. Na mwanamume yeyote mwenye uvimbe kifuani."

Wakaandika hivyo hivyo.

Tangazo jipya nililisoma Jumapili iliyofuata. Nilipotaja wanaume, wanakwaya wawili walicheka. Nikairudia ile sentensi. Nje, mzee mmoja alikuwa ananisubiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hao wanaume uliowasema, hata wazee?"

"Hata wazee."

Nilimwambia aje zahanati mapema, nitakuwepo. Akaitikia, akaenda zake. Nami nikapanda kwenda nyumbani, nikabandika makande, nikakaa nikiyatazama. Yalipoiva, nikala.