Noreen Aliyekwenda Bila Wakili

Noreen Tattersall wa mji wa Burnley alifanya kazi jikoni mwa shule mpaka magoti yakamkatalia. Tangu hapo aliishi kwa posho ya serikali, ile ya mtu anayeishi peke yake. Novemba moja Clifford, mumewe waliyeachana naye miaka kumi na mmoja nyuma, akabisha hodi akitokea hospitali, mapafu yamekwisha, hana pa kulala. Noreen alimkaripia pale mlangoni hadi akachoka, kisha akamtandikia kochi.

Machi ikaja barua: aende akahojiwe rasmi, anashukiwa kudanganya kwamba anaishi peke yake. Kuna mtu alikuwa amemchongea.

"Shoga, usiende peke yako," jirani yake, Maxine, alimwambia. "Tafuta wakili. Watu wa hali yetu hupata wa bure."

"Wakili wa nini, kwani nimeiba? Nikienda naye watasema huyu ana lake."

"Waache waseme! Hilo domo lako ndilo litakuponza."

Alikwenda peke yake. Afisa wa posho, kijana mpole, aliwasha kinasa sauti akamsomea: hajakamatwa, anaweza kuondoka akitaka, anaweza kuwa na wakili, si lazima aseme chochote, ila akificha sasa jambo atakalolitegemea mahakamani, huenda likamdhuru.

"Umeelewa, mama?"

Noreen akaitikia. Hakuelewa hata nusu. Aliitikia kwa adabu tu.

"Nani anampikia Clifford?"

"Mimi."

"Na nguo?"

"Nafua zote pamoja. Mashine si ni moja!"

"Kwa hiyo mnaishi kama mke na mume?"

Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza kusema tusimame kwanza, namtaka wakili. Lakini swali lilimchoma mahali ambapo hapakuwahi kupona.

"Mimi," alisema, "sikuacha hata siku moja kuwa mke wake."

Afisa akaandika.

Jioni alimsimulia Clifford yote, isipokuwa jibu hilo. Siku ya tatu, Noreen alipotoka dukani, alikuta shuka zimekunjwa kochini na karatasi juu yake: "Usihangaike, Nor. Nimepata pa kukaa." Hakuandika ni wapi.

Maxine ndiye aliyemburuta hatimaye kwa wakili. Wakili huyo, mwanamke, aliomba nakala ya kanda ya mahojiano, akaisikiliza, akainamisha kichwa. "Alilala kochini, mgonjwa, kila mtu na maisha yake. Hayo ndiyo ungewaambia," alisema, akaanza kukusanya barua za hospitali.

Clifford alifia hospitalini, mji wa Preston, mwezi Juni. Noreen alipata habari wiki mbili baada ya mazishi, akapanda basi hadi hospitali hiyo. Muuguzi alifungua faili. Mahali pa kujaza jina la jamaa wa karibu, Clifford alikuwa ameandika kwa mkono wake: hakuna.

Septemba ikaja barua nyingine, kwamba kesi imefungwa. Maxine alifurahi hadi akalia. Noreen aliisoma mara mbili, akasema ni vizuri, akaenda kuinjika chai.