Kijiji cha Ujerumani Kilichosomwa Point

Kuna kijiji kimoja cha Ujerumani ninachokijua kuliko mtaa wangu wa Umbilo, na sijawahi kukikanyaga. Ninajua kwamba kanisa lake lilijengwa kwa mawe yaliyookotwa mashambani, na kwamba mawe yaliisha kabla ya mnara, ndiyo maana mnara ni wa mbao. Ninakijua kijito kinachopita nyuma ya duka la mkate, na kinu cha upepo kilichopoteza mabawa yake. Ninalijua pia bwawa la bata lililobaki pale ilipokuwa ngome ya bwana mmoja aliyegombana na kila jirani. Niamshe usingizini, nitakuongoza kutoka kituo cha basi hadi makaburini. Niulize njia ya kwenda ofisi yoyote ya serikali hapa Durban, nitakuomba tutafute mtu wa kumuuliza.

Haya yote niliyasoma kwenye ramani ya kukunjwa, ya zile wanazogawiwa watalii. Kijana mmoja wa nchi tuliyotoka aliituma kwa mama yake, aliyekuwa akisuka nywele saluni huku Point, mtaa wa pwani ya Durban. Kijana aliomba ukimbizi Ujerumani, wakampeleka kijijini, kwenye shule ya zamani iliyogeuzwa kuwa makazi ya wageni. Kwenye ramani alichora duara kuzunguka shule hiyo, na pembeni akaandika: "Mama, niko hapa." Mwaka haukuisha. Asubuhi moja ya ukungu, akiwa kwenye baiskeli, aligongwa na trekta. Kijiji kikamzika, kwa sababu hatukuwa na njia ya kumleta.

Mama yake nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Yeye aliniita Profesa, na mimi sikuwa profesa. Nilikuwa na shahada ya jiografia na kofia ya kulindia magari mbele ya duka la kuku, Umbilo Road. Shahada ilinisaidia kujua kivuli kitahamia wapi saa nane mchana. Kijerumani nilikijua kwa bahati tu. Chuoni nilijiandikisha kwenye darasa hilo kwa ajili ya msichana fulani, naye akahamia Kihispania nikiwa nimeshanunua kamusi.

Kwetu, waliotoka kuzika hawaingii nyumbani kabla ya kunawa mikono mlangoni. Beseni huwekwa, watu hunawa, maji humwagwa, na kuanzia hapo kilio huanza safari yake ya kwisha. Yaya aliweka beseni mlangoni siku ile ile habari ilipofika. Lakini nani alikuwa ametoka kuzika? Hakuna. Beseni likakaa. Kila asubuhi alibadilisha maji, akarudi kuketi chini kwenye mkeka.

Mimi siku ya kwanza niliingia mikono ikiwa myeusi kwa masizi ya taxi. Nikaona maji, nikanawa.

"Profesa!" wakapiga kelele wamama. "Umetoka makaburi gani weye?"

"Mwacheni," akasema mzee mmoja Mrundi, jirani wa ghorofa ya chini. "Msomi akiona maji, anafikiri ni ya msomi."

Kwa adhabu nikapewa ramani niisome kwa sauti. Nikasoma historia. Vilikuwa vijiji vitatu, vikaunganishwa kuwa manispaa moja ili vigawane ofisi na gari la zimamoto. Viliungua katika vita vya kidini, vikajengwa, vikaungua tena. Reli ilifika, ikaondoka. Udongo ni wa mchanga, unazaa viazi na nafaka ya rai. Juu ya paa la duka la mkate kuna kiota cha korongo, ndege ambao kila baridi inapokuja huruka kuja Afrika, kisha hurudi.

"Wanarudi?" mzee akauliza. "Na karatasi zao wanagongea mihuri wapi?"

Watu wakacheka. Hata yaya alicheka, kisha akalia kwa sababu alikuwa amecheka.

"Na hii iko nini?" akaniuliza, kidole chake kikiwa juu ya alama ndogo kando ya kanisa.

"Ni jiwe, yaya. Limeandikwa majina ya vijana wao waliokufa vitani."

"Wamelala pale chini?"

"Hapana. Ni majina tu. Wao walibaki huko huko walikopigana."

Yaya aliendelea kulishikilia lile jiwe kwa kidole.

Baadaye akataka kujua mwanawe amelala upande gani hasa. Tukaenda kwenye duka la simu, tukajibana wawili ndani ya kibanda, nikapiga ofisi ya kijiji. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole mno. Nikamtafsiria yaya kila neno: amelazwa karibu na ukuta wa kaskazini, jirani yake ni bibi aliyekuwa akipiga kinanda kanisani, wamempandia maua yanayovumilia baridi. Yaya alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayeonyeshwa chumba kipya. Kisha yule mwanamke akaeleza jambo jingine, nami sikulitafsiri.

"Uso yako imebadilika," yaya akasema. "Sema, Profesa. Usinichagulie."

Nikasema. Huko kwao kaburi lina muda wake, miaka ishirini na kitu. Muda ukiisha na asipokuwepo wa kuuongeza, jiwe huondolewa, na siku moja hulazwa mwingine pale pale.

Yaya aliangalia mkono wa simu niliokuwa bado nimeushika. "Kumbe hata huko amepanga nyumba," akasema.

Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya kufunga matanga. Unafungaje kilio cha mtu atakayefukuzwa tena? Kiti chake saluni kikawa wazi, na tajiri wake akaanza kuulizauliza kama kuna msusi mwingine. Wageni wakapungua. Maji ya beseni yakaendelea kubadilishwa kila asubuhi.

Ndipo nikapata wazo, na mawazo yangu yana sifa mbaya. Nyuma kidogo ya Pinetown kuna mji wa viwanda unaoitwa New Germany. Zamani Wajerumani waliletwa huko kulima pamba. Pamba ikakataa, wao wakabaki, wakazeekea huko na kuzikwa. Nilitaka kumwonyesha yaya makaburi ya Wajerumani ambayo hakuna aliyeyafukuza. Ndani ya taxi nilikuwa nimeiandaa hotuba nzima, yenye sehemu tatu na hitimisho.

Hotuba sikuitoa. Yaya aliingia kati ya mawe ya makaburi yale akitembea polepole, mkoba kwapani. Mengine maandishi yake yalikuwa yamelika. Akasimama penye moja lililoinama, nyasi zimelifunika, zikimfika yeye magotini.

"Soma."

Nikasoma: alizaliwa Ujerumani, katika kijiji ambacho jina lake lilishakwaruzika, akafa hapa akiwa kijana.

"Alikuja na mama yake?"

"Sijui, yaya. Wengi waliwaacha wazazi kule."

"Basi mama yake hakuona hapa." Aliliangalia kaburi kwa muda mrefu. "Alilia huko, na bata zao, na mnara yao ya mbao. Hakujua hata nyasi ya hapa iko namna gani."

Akaweka mkoba chini, akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi. Nilipoinama nimsaidie, akanisukuma mkono.

"Weye soma."

"Nisome nini? Ramani iko nyumbani."

"Unaijua kwa kichwa. Usijifanye."

Basi nikasimama pale, viwanda vikinguruma ng'ambo ya barabara, nikakisoma kijiji chote: kijito, kinu, bwawa, lile jiwe la majina, ukuta wa kaskazini, bibi wa kinanda. Sauti ikanikatikia penye ukuta. Yaya hakugeuka. Aling'oa mpaka udongo ukaonekana, akaunyoosha kwa viganja kama anavyonyoosha nywele kabla ya kuzigawa.

"Wao walimzika wangu," akasema alipoinuka. "Na mimi nimemlinda wao."

Tulirudi Point. Udongo wa New Germany ulikuwa umekauka vidoleni mwake, na ndani ya taxi hakujifuta. Mlangoni alisimama mbele ya beseni. Wamama wawili waliobaki wakanyanyuka kutoka kwenye mkeka. Akainama, akanawa taratibu, kucha moja baada ya nyingine, maji yakageuka mekundu kwa udongo.

"Profesa, nawa. Leo unayo haki."

Nikanawa. Kisha akalibeba beseni mwenyewe hadi kwenye baraza ya ghorofani, akamwaga maji yote nje. Chini barabarani mtu akatutukana kwa Kizulu, tena kwa kirefu. Yaya akashika ukingo wa baraza, beseni tupu limening'inia mkononi, akalia mpaka giza likaingia.