Kuku wa Mzazi

Afisa mifugo wa kata moja kule Kilombero alinipigia simu maabara, Morogoro, ninakopima magonjwa ya mifugo. Kuku wanakwisha, alisema, watu wanaharisha, na kijijini wanaamini ni ugonjwa mmoja. Akaongeza kama jambo dogo kwamba kuna familia inataka kumrudisha mke wa mtoto wao kwa wazazi wake kwa sababu hiyo. Nikafunga safari.

Basi liliondoka Morogoro asubuhi, mvua ikinyesha. Nilipakata boksi la barafu la kuwekea sampuli, nikasinzia.

Kidatu nilizinduliwa na harufu ya miwa. Mama niliyekaa naye aliuliza kama nimebeba samaki. Nikamjibu kwamba boksi bado tupu, naye akacheka taratibu, akalala tena.

Kutoka hapo milima ya Udzungwa ilitufuata mkono wa kulia, mawingu yakiwa yameikalia mabegani. Majaruba ya mpunga yalijaa maji, na ndani ya maji mlikuwa na mawingu yale yale. Kwa kitambo nilihisi tunapita juu ya anga.

Ifakara nilipata chumba cha wageni mtaa wa Mlabani. Kulipokucha nikapanda bodaboda hadi kijijini. Uwanja wa Bi Leokadia, mama wa familia ile, ulikuwa kimya, manyoya mepesi yakitembezwa na upepo. Nilimwamkia shikamoo, akanipa kigoda, akaanza kusimulia. Vestina, mke wa mwanawe, alipojifungua, mama yake alivuka mto na kuku wa kumtengenezea mzazi supu. Haukupita muda, kuku wa nyumba nzima wakaanza kupinda shingo na kufa. Kisha Vestina akaharisha, halafu yeye mwenyewe, halafu majirani. Barabara ikikauka, alisema, Vestina atarudi kwao na mtoto wake.

Ukuta ulikuwa wa udongo, na Vestina alisikia kila neno. Nilipoingia kumjulia hali, alikuwa amelala mkekani, mtoto kifuani.

"Dada," alininong'oneza, "kama ni kuku wa mama yangu, uniambie mimi kwanza."

Nilichukua sampuli kwa kuku wa mwisho, aliyekuwa akizungukazunguka kama anayeota. Nilichota maji ya kisima kilichokuwa mteremkoni, chini ya choo. Mafuriko yalikuwa yameacha mstari wa tope kwenye ukuta wa choo hicho. Muuguzi wa zahanati akanipa sampuli za wagonjwa. Nikawasihi wachemshe maji tangu siku hiyo.

Nilirudi Ifakara, nikatuma sampuli za kuku maabara kwetu na zile za maji na wagonjwa maabara ya hospitali, nikangoja majibu. Siku zilifanana. Dirishani baiskeli zilipita na magunia ya mpunga, polepole, mpaka nikawa sijui kama ni zile za jana.

Majibu yalitoka. Kuku waliuawa na mdondo, ugonjwa wa kuku usioharisha watu. Watu waliugua kwa bakteria wa kinyesi, na bakteria hao hao walikuwa kisimani. Yalikuwa magonjwa mawili yaliyofika wakati mmoja.

Kijijini nilipitiliza ndani kwa Vestina kwanza. Nilimwambia kilichowaharisha watu ni maji. Kuhusu mdondo sikumficha: huenda ulikuja na kuku wa mama yake, huenda na wengine walionunuliwa mnadani, na hakuna kipimo cha kunihakikishia. Akainuka na mtoto wake, akishika ukuta, akatoka uwanjani.

"Mama," alimwambia mkwewe, "huenda ugonjwa wa kuku ulikuja na zawadi niliyoletewa. Ila kuharisha ni maji ya kisima."

Angeweza kusema nusu tu, na mimi ningenyamaza. Bi Leokadia alimsogelea. Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni mwake kwa kanga.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Maji nitachemsha mimi."

Safari ya kurudi sikusinzia, nilikaa macho mchana kutwa. Karibu na Mikumi afisa mifugo alipiga simu: wanachimba kisima kingine upande wa juu, na Bi Leokadia anaulizia chanjo ya mdondo kwa vifaranga atakaonunua. Vestina hajaondoka.

Miaka yote nimepokea sampuli bila kujua zimetoka mikononi mwa nani. Safari hii nilijifunza kwamba anayengoja majibu yangu huenda anangoja kujua atalala nyumba ipi.