Mfanyakazi wa Tisa wa Banda la Nta

Mimi ndiye niliyemwita yule mtaalamu, kwa hiyo lawama zote nibebe mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la saba, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, wenzangu walinifanya katibu wa banda letu la nta pale Mungaa. Tulikuwa wanawake wanane. Wanaume walituletea masega kutoka porini. Sisi tuliyayeyusha kwenye masufuria, tukayatia kwenye gunia, tukalisokota gunia kwa miti mpaka viganja vinachubuka, kisha tukamimina nta kwenye mabakuli igande.

Ndoto yangu ilikuwa mashine ya kukamulia, ile ya chuma yenye mkono wa kuzungusha. Nilishaiota mpaka rangi: kijani. Basi niliposikia kwamba mkoani yupo mtaalamu anayezungukia vikundi vidogo kuangalia kazi inavyoendeshwa, na kwamba kikundi kikifuata ushauri wake kinapelekewa mashine, niliandika barua siku hiyo hiyo, nikaimba njia nzima ya kwenda kuituma.

Banda lilianzishwa na mama yangu, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Enzi zake yeye ndiye aliyepima nta. Aling'ata ukingo wa kipande cha kwanza, akatafuna, akasema, "Safi," au, "Rudisheni jikoni." Miaka ya mwisho jino la kushoto lilimwandama, akawa anakaa kwenye kigoda chake kando ya mlango ameshika shavu. Alipotutoka, hakuna aliyekigusa kigoda. Kila tulipoyeyusha, kipande cha kwanza tulikiweka juu yake kipoe, tukasema, "Mama, jaribu hii." Ilikuwa desturi yetu ya bandani tu, nusu utani. Hiyo nusu nyingine hatukuizungumza.

Mtaalamu alishuka kwenye basi na kofia, saa ya mfukoni na daftari lenye mistari ya miraba. Alisalimia wakubwa shikamoo, kila mmoja kwa zamu yake, akakaa juu ya kreti pembeni. Siku tatu. Hakuuliza kitu. Aliangalia saa, akaandika.

"Huyu hata ukipiga chafya anaandika," alinong'ona mama mdogo wangu, aliyekuwa msokotaji mwenzangu.

"Basi mimi leo napiga kumi," akajibu mwingine, "nipandishwe cheo."

Jambo moja nililiona, nikalipuuza. Kila alipopita mlangoni alikizunguka kigoda kwa mbali, akainua kofia kidogo. Nikadhani anakwepa kukanyaga nta.

Baada ya wiki tatu ripoti yake ikaja, imepigwa chapa. Niliwasomea wenzangu kwa sauti, masufuria yakichemka.

"Wafanyakazi: tisa."

Wakacheka. "Mtaalamu mzima hajui kuhesabu wanawake!"

Nikaendelea. "Mfanyakazi wa tisa ni mama mtu mzima, mrefu. Hukaa kwenye kigoda kando ya mlango, ameshika shavu la kushoto. Kwa siku tatu sikumwona akishika kazi. Nta ya kwanza huwekwa mbele yake, ikapoa bila faida. Aondolewe bandani pamoja na kigoda. Hilo likitekelezwa, mashine italetwa."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia kuni zikipasuka. Hatukugeuka kutazama mlango, hata mmoja wetu. Tulikuwa tumesimama kama watu waliopigwa na jua, shingo zimekaza, macho kwenye karatasi.

"Nani alimwambia habari za shavu?" mama mdogo akauliza.

Tuliulizana mmoja mmoja. Hakuna. Kwenye barua yangu nilikuwa nimeandika majina manane, kwa mkono wangu.

"Katibu," mkubwa wetu kwa umri akasema, "huyo ni mama yako. Sema wewe."

Nilitaka kusema kwamba mashine ibaki huko huko. Lakini huyo mkubwa wetu alikuwa amefungua viganja vyake bila kujua, na ngozi ilikuwa imetoka, chini yake nyekundu. Nikachukua kalamu. Chini ya ripoti niliandika, "Ametolewa," nikatia sahihi, na ile sahihi yangu ya mbwembwe iliyozoea kuchezacheza siku hiyo ilitoka ndogo kama sisimizi.

Kigoda kile kilikuwa chepesi. Mwenyewe nilishakibeba kwa mkono mmoja mara nyingi. Mchana ule, kutoka bandani mpaka nyumbani kwangu, mimi na mama mdogo tulipokezana mara tatu, tukitokwa jasho. Tulikiweka karibu na mafiga, kando ya ukuta. Tangu hapo kila nikipita nilisema, "Mama, nisamehe." Bandani, kipande cha kwanza tukawa hatujui pa kukiweka. Kilipita mkono kwa mkono mpaka kikagandia kwa mtu.

Mashine ikaja. Ilikuwa nyekundu! Nikaipenda hivyo hivyo. Mtaalamu alikuja nayo, akasimama mlangoni, akatuhesabu kwa kidole. "Wanane. Vizuri sana, ndugu katibu." Wenzangu wakaizungusha kwa zamu, nta ikatiririka, mkubwa wetu akalia kwa furaha. Na mimi nilifurahi, sitasema uongo. Ila kila nilipofurahi, jicho lilinienda pale mlangoni kigoda kilipokuwa.

Nikamkaribisha mgeni nyumbani anywe uji. Nilitangulia ndani. Yeye alipofika mlangoni alisimama, akavua kofia kabisa, akainamisha kichwa upande wa mafiga.

"Shikamoo, mama."

Sikusikia kitu. Lakini yeye alinyamaza kidogo, vile mtu anavyongoja mwenzake amalize, akaitikia, "Nzuri, tunashukuru." Kisha akanigeukia kwa sauti ya kazi, ile ile ya ripoti.

"Kumbe mmemleta huku. Mmefanya vyema. Kule mlangoni upepo ulikuwa unampiga."

Nilirudi kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva. Ningeweza kumwambia kwamba mama alishafariki. Badala yake nikauliza jambo moja tu lililokuwa likininyima usingizi.

"Amekasirika?"

Alitazama tena, kwa makini, kama anayetaka kuandika. "Mbona hapana. Ameshusha mkono. Jino limepoa, naona."

Alikunywa uji wake, akaaga mara mbili, akawahi basi. Jioni mama mdogo alikuja kuazima chumvi, akakuta vikombe vitatu kwenye mkeka, kimoja kimejaa. Alivua viatu mlangoni, jambo ambalo kwangu hakuwahi kulifanya.